SOMO: Kupiga picha za vijana wanaomaliza sekondari hapa Marekani, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za humu. Somo hili niliahidi muda mrefu na mmenikumbusha vya kutosha, hasa ndugu wa Texas na Maine mnaotaka kuanza. Naishi Louisville, Kentucky, na huu ni mwaka wa saba napiga picha za vijana wa darasa la 12. Wateja wangu wengi ni watoto wa kwetu: Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, Watanzania wachache. Nitaeleza kazi ninavyoifanya mwenyewe. Penye sheria ya Kentucky nitasema ni ya Kentucky, wa jimbo lingine akaulize kwake.

Kwanza muielewe kazi yenyewe, maana nyumbani tumeizoea kwa sura nyingine. Kule mpiga picha anakuja siku ya mahafali, anazunguka na kamera, wazazi wananunua papo hapo. Hapa picha za mhitimu zinapigwa miezi mingi kabla. Kijana anamaliza darasa la 11 mwezi wa tano au wa sita, na kuanzia hapo mpaka majani yanapogeuka rangi mwezi wa kumi ndio msimu wetu. Picha moja inaingia kwenye kitabu cha mwaka cha shule, kile chenye picha za wanafunzi wote, nyingine zinakwenda kwenye kadi za mwaliko, kwenye ukuta wa sebule, kwenye simu za mashangazi. Mwezi wa nne na wa tano unakuja msimu mdogo wa joho na kofia. Shule nyingi zina mkataba na studio moja kwa ile picha rasmi ya kitabu. Studio hiyo usigombane nayo, wewe unauza ile saa moja na nusu ambayo studio haina.

Jambo moja mlishike mpaka mwisho wa somo: kazi hii ina wenyewe wawili. Yupo kijana anayepigwa na yupo mzazi anayelipa, na kila mmoja amekuja na picha yake kichwani. Mara nyingi yupo na wa tatu, bibi aliyebaki Uvira au kambini Nyarugusu kule Kigoma, anayesubiri kuona mjukuu amekuwaje. Ukimsikiliza mmoja tu, umeharibu.

HATUA YA 1: Karatasi

Nitapita haraka. Hakikisha una haki ya kufanya kazi na kujiajiri, hilo nalirudia kwenye maswali. Kufungua kampuni ndogo Kentucky ni dola 40, na ripoti ya kila mwaka dola 15. Tangu tarehe 1 Januari 2023 huduma ya upigaji picha hapa inatozwa kodi ya mauzo ya asilimia 6, kwa hiyo iweke kwenye bei tangu mwanzo, usije ukaitoa mfukoni mwako. Jiji la Louisville nalo linachukua asilimia 2.2 ya faida kwa mkazi. Serikali kuu inataka kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3, ukishapata faida ya dola 400 kwa mwaka, na hiyo ni mbali na kodi ya mapato. Tunza kila risiti, hata ya mafuta ya gari. Kata bima ya dhima, kwa sababu siku mtoto wa mtu akijikwaa kwenye stendi yako ya taa hutaki kuanza kutafuta wakili.

HATUA YA 2: Vifaa

Kamera yoyote ya lenzi za kubadilisha inatosha. Nilianza na kamera ya mtumba na lenzi ya 50mm, f/1.8 (yaani inafunguka sana na kuingiza mwanga mwingi). Sasa natumia 85mm karibu muda wote. Inakulazimisha kusimama mbali kidogo, uso haupanuki pua, na kijana hajisikii amevamiwa. Ongeza betri mbili, memori kadi mbili, na rifleta nyeupe ya kukunja, ile ya kurudisha mwanga usoni. Flashi inaweza kusubiri mwaka wa pili. Pesa ya kwanza utakayopata, nunua kioo kizuri cha kompyuta na ukipime rangi, kwa sababu bila hivyo hujui unahariri nini.

HATUA YA 3: Mazungumzo kabla ya kamera

Wengi wanairuka hatua hii, na kazi yote imelala hapa.

Mpigie mzazi simu, usiishie kwenye meseji. Salimia kama mtu, uliza za nyumbani, kisha uliza: picha hii unataka kuiweka wapi? Mzazi akisema "ukutani, karibu na mlango", umeshajua anataka wima, kubwa, mtoto anatazama kamera. Halafu omba kuzungumza na kijana peke yake. Muulize siku yake ya Jumamosi inakwendaje, na akitoka shule anashika nini kwanza. Mmoja atakwambia mpira, mwingine jikoni kwa mama, mwingine ngoma za kwaya. Hiyo ndiyo picha yake.

Mwambie alete nguo tatu: ya heshima anayoitaka mzazi, anayovaa kila siku, na ya kwao. Kitenge kinapendeza mno kwenye majani ya mwezi wa kumi. Kama ana koti la timu lenye herufi ya shule, lije pia, alilipata kwa jasho.

Uliza shule masharti ya kitabu cha mwaka, na uyapate kwa maandishi. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga binti picha nzuri sana za kulala, yaani upana unazidi urefu, nikapeleka moja. Shule ikairudisha: walitaka ya wima, kichwa na mabega, mandhari isiyo na vurugu. Tulipopata nyingine siku ya mwisho ilikuwa imepita. Kwenye kile kitabu binti yule ana jina, picha hana. Mama yake hakunigombeza, alinyamaza tu, na ule ukimya bado ninao. Siku hizi picha ya kitabu naipiga ndani ya dakika kumi za kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Na saa! Mzazi anakubali "saa kumi na moja", kijana anaandika 11:00 kwenye simu, kesho yake familia imefika bustanini asubuhi wewe umelala. Mkishakubaliana kwa mdomo, tuma maandishi: 5:00 PM, saa kumi na moja jioni, tarehe, na ramani.

HATUA YA 4: Mahali na mwanga

Saa nzuri ni ile ya mwisho kabla jua halijazama. Louisville mwanzoni mwa mwezi wa saba jua linazama karibu na saa tatu na dakika kumi usiku, kwa hiyo unaanza saa moja na nusu bila haraka. Mwishoni mwa mwezi wa kumi linazama kabla ya saa moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, ghafla giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili, na mtoto anatoka shule saa tisa au saa kumi. Wanaochelewa kupanga wanakwama hapo kila mwaka.

Napenda daraja la Big Four, lile la zamani la reli juu ya mto Ohio ambalo tangu 2013 watu wanatembea kwa miguu kutoka upande wetu. Lina vyuma, lina mto, lina anga. Cherokee Park nako kuna miti mikubwa na vilima. Kabla ya kwenda bustani yoyote uliza kama wapiga picha wa biashara wanahitaji kibali, kila mji una utaratibu wake.

Kijana akikuomba mpige kwenye reli za treni, kataa. Wataleta mifano mia kutoka Instagram. Reli ni mali ya kampuni za treni, kuingia bila ruhusa ni kosa, na treni ikikujia kwa mbele huisikii mapema kama unavyodhani. Mpeleke kwenye daraja, vyuma atavipata huko.

HATUA YA 5: Ngozi

Hapa nitakaa. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilijulikana kama Shirley, Kodak walizisambaza kuanzia miaka ya 1950. Mashine ikarekebishwa mpaka ngozi ya yule mama itoke vizuri, na sisi tukatoka tunavyotoka: macho na meno. Wazazi wetu wengi wanaosema "mimi sipendezi kwenye picha" walijifunza maneno hayo mbele ya picha za namna hiyo.

Kamera za leo ni bora mno, ila kipimo cha mwanga bado hakimjui aliyesimama mbele yake. Kinachukulia kila kitu ni kijivu cha kati. Ukimsogelea kijana mweusi uso ukajaa kwenye fremu, kamera inaongeza mwanga na ngozi inapauka kama ina majivu. Ukimweka mbele ya anga jeupe, inapunguza mwanga na uso unazama. Kwa hiyo pima mwanga wa shavu lenyewe, panga kamera kwa mkono, usiiachie ijipange yenyewe, kisha angalia picha umeikuza. Unatafuta kuona umbo la shavu, mstari wa taya, na nuru ndogo ndani ya jicho.

Ngozi yetu inaonekana vizuri kwa mwanga unaoteleza juu yake. Mweke kijana kwenye ukingo wa kivuli cha jengo, uso ukitazama upande wa anga wazi, mwili umegeuka kidogo. Utaona mstari wa mwanga unashuka kutoka kipaji cha uso mpaka kidevuni. Chini ya miti mizito uso unachukua ukijani wa majani, mtoe hapo. Rifleta ya dhahabu niliiacha, inageuza watu kuwa machungwa. Paji likimeremeta sana, weka tishu na ubonyeze bila kusugua, na uache mng'ao kidogo, maana ndio uhai wa ngozi yenyewe.

Mkiwa na ndugu wenye rangi tofauti kwenye picha moja, aliye mweusi zaidi awe karibu na chanzo cha mwanga.

HATUA YA 6: Siku yenyewe

Simpigi kijana yeyote peke yake. Mzazi, kaka au dada awepo, na simgusi binti wala kijana kumrekebisha mkao, namwonyesha kwa mwili wangu.

Niwape mfano mmoja. Nilimpiga kijana aliyezaliwa kambini, akaja hapa ana miaka kumi na moja. Alisimama darajani mikono ubavuni, kidevu juu, midomo imefungwa. Nikamwambia alegee, akazidi kukauka. Baba yake akacheka kidogo akasema, "Picha zake zote za utotoni ni za kitambulisho." Nikaelewa. Kwake kamera ilikuwa ni foleni, ukuta mweupe, na mtu anayesema usitingishike. Nikaacha kuzungumzia picha. Alikuwa na viatu vya mpira kwenye begi, nikamwambia avae tuone vinavyokamata pale chini. Akakaa chini, akaanza kufunga kamba, akamweleza mdogo wake kitu kuhusu fundo, akainua uso kuniangalia. Hiyo ndiyo niliyoipiga.

Siku ya kuchagua, kijana aliichukua ile ya kamba za viatu bila kufikiri. Mama alizipitia zote, akarudi kwenye ile ya kwanza kabisa, ya suti, mikono ubavuni, amekaza uso. Akasema, "Hii. Mama yangu akiiona hii atajua mtoto amesoma." Nilikuwa karibu kuifuta picha ile. Tangu siku hiyo kila kazi napiga zote mbili kwa makusudi, na ile ya kusimama wima naipa mwanga uleule na muda uleule ninaoipa ya kucheka. Kwa wazee wetu uso uliokazwa ni heshima, haimaanishi mtoto ana huzuni.

Mpe kijana cha kufanya na mikono: kukunja mkono wa shati, kurekebisha kilemba, kubeba kiatu. Ongea naye kwa lugha anayotaka. Wengi wanajibu Kiingereza mpaka mama asogee. (Kwa mama yangu ni Handeni, Tanzania, kwa Wazigua, na siku bibi mmoja wa Kisomali Bantu alipomwita mjukuu wake kwa Kizigua nilishusha kamera. Babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu karne ya 19 na lugha wamekuja nayo mpaka Kentucky.)

HATUA YA 7: Kuhariri na kukabidhi

Chunusi naondoa, zitapona zenyewe wiki ijayo. Alama ya kuzaliwa, kovu, pengo la meno siondoi mpaka niombwe na kijana mwenyewe. Kabidhi ndani ya wiki mbili. Mimi natoza dola 225 kwa saa moja na nusu na picha 25, na dola 75 kati ya hizo ni kishika nafasi. Mkataba asaini mzazi kama kijana hajafika miaka 18. Andika humo kwamba hakimiliki inabaki kwako na familia ina ruhusa ya kuchapisha kwa matumizi yao, vinginevyo duka la kuchapisha linaweza kuwakatalia. Kuweka picha mtandaoni iwe na saini yake peke yake, na kijana naye aulizwe.

Halafu usiache kuwauzia karatasi. Hata chapa moja ya inchi 8 kwa 10 iwemo kwenye bei. Simu zinapotea.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Indiana): Mkuu shukrani kwa somo. Niko hapa kwa viza ya masomo, F-1. Naweza kuanza kidogokidogo wikendi, malipo ya Cash App?

Jibu: Usitoze, ndugu yangu. F-1 hairuhusu kujiajiri bila kibali, na pesa ikipita kwenye simu bado ni kazi. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako akueleze ni nini kinawezekana na lini. Piga familia yako na marafiki bure, jenga mkono. Kazi itakusubiri, viza haitakusubiri.

Swali (Lexington): Kaka, mama mteja ameniomba "nimng'arishe kidogo" binti yake kwenye picha. Ndiye analipa. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hili linanigusa. Siing'arishi ngozi ya mtoto kwa bei yoyote, lakini simkatalii mama kwa ukali pia. Kwanza muulize kinachomkera ni nini. Mara nyingi ni kivuli chini ya macho, au wewe uliipima picha giza, na hilo ni kosa la kurekebisha. Mama mmoja alisisitiza hata baada ya hapo. Nikachapa picha kwenye karatasi, nikaiweka mezani, nikamwomba aweke mkono wake kando ya uso wa binti. Rangi ilikuwa ileile. Alikaa kimya akaupapasa ule mkono, akasema basi acha hivyo. Binti alikuwa amekaa pale pale anasikiliza, na kwangu ndiye niliyekuwa namjibu.

Swali (Dallas): Ndugu wa kanisani wote wanataka bure au "bei ya undugu". Nikikataa nina kiburi, nikikubali nakufa njaa.

Jibu: Tenga siku moja ya undugu. Mimi mwezi wa tano, majoho yakishatolewa, nachukua Jumamosi moja, sehemu moja, mwanga mmoja. Kila familia dakika 15, dola 40, picha tano. Inatangazwa kanisani na msikitini. Anayetaka kikao kizima analipa bei ya kawaida kama wengine, na hakuna anayeona ameonewa kwa sababu mlango mdogo upo. Ambaye hata hiyo 40 hana, mzee wa kanisa ananinong'oneza na mambo yanaisha kimyakimya.

Swali (Portland, Maine): Nina lenzi ya 18-55 tu iliyokuja na kamera. Nisubiri nipate 85?

Jibu: Usisubiri. Iweke kwenye 55, simama hatua nne, mtoe kijana mbali na ukuta, mita tano au zaidi, mandhari ya nyuma italainika ya kutosha. Mtumba wa 50mm f/1.8 ukipatikana kwa bei nafuu uchukue. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) inakaribia kazi ya 85.

Swali (Columbus): Binti yangu anavaa hijabu na amekataa kupigwa nje, anasema upepo unamwaibisha. Kuna namna?

Jibu: Ipo, na ana haki. Darajani kuna upepo siku zote, usimpeleke huko. Tafuta kando ya ukuta mrefu au baraza lenye paa, alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Dada au shangazi awepo na pini za ziada, yeye ndiye arekebishe, na mpiga picha ageuke mpaka aambiwe tayari. Kitambaa kisichong'aa kinakaa vizuri kuliko hariri, na rangi yake inarudi usoni, kwa hiyo nyeupe au krimu inampa mwanga wa bure chini ya kidevu.

Swali (Dar es Salaam): Mkuu, huku Bongo biashara hii inaweza kufanyika? Shule zetu ni za bweni nyingi.

Jibu: Inaweza ukibadilisha kalenda. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba na mahafali mengi yanafanyika kabla yake, kwa hiyo wakati huo mtoto hana nafasi ya kikao. Ningelenga baada ya mtihani, akiwa nyumbani anasubiri matokeo, muda anao na nywele zinaanza kuota. Nenda kwa wazazi wenyewe kuliko kupitia shule.

Swali (Louisville): Mimi ni mama wa uliyempiga mwaka jana. Nataka kumtumia mama yangu Nyarugusu picha. Kwenye WhatsApp inafika na ukungu.

Jibu: Shikamoo mama, nimefurahi kukuona humu. WhatsApp inabana picha. Ukitaka ifike ilivyo, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua dokumenti badala ya picha, kisha uichague. Ila faili kubwa inakula bando la jirani anayempokelea, kwa hiyo nitakutengenezea ndogo iliyokatwa vizuri kwa simu. Na nitakuchapia mbili za karatasi, inchi 4 kwa 6, ile ya suti na nyingine aliyoipenda kijana. Ziweke kati ya maboksi mawili magumu uliyoyakata sawa na picha, funga kwa utepe wa karatasi wenye gundi pembeni tu, umpe anayesafiri kwenda Kigoma. Jina lake na tarehe andika nyuma kwa penseli laini, wino wa peni unahamia kwenye uso wa picha ya chini yake zikikaa pamoja kwenye joto.